Aliyenipa Ng'ombe

Kominike. Familia ya Papa Divine, wakaaji wa Majengo, wana masikitiko makubwa ya kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote wa Goma, Sake, Rutshuru na Masisi, pamoja na wale walio mbali ambao habari itawafikia ikiwa imechelewa, kifo cha ghafla cha termosi nyekundu, kilichotokea leo jikoni baada ya kuponyoka mikononi mwa baba mwenye nyumba. Marehemu ameacha kifuniko kimoja na vikombe vitatu visivyofanana. Mazishi yamekwisha kufanyika kwenye ndoo ya takataka. Mama mwenye nyumba hajasema neno mpaka sasa, na ukimya huo ndio unaomtia hofu mhusika. Atakayesikia amwambie mwenzake.

Divine, mutoto wangu,

Sasa umejua kwa nini kesho utapanda basi la Kampala bila chai ya moto. Mama yako amekwisha kukuambia pa kuficha kitambulisho, namna ya kumjibu mtu wa mpaka wa Bunagana asiyependa sura yako, na kwamba nyama ya kuchoma ya barabarani usiile hata ikikuita kwa jina. Shangazi yako anakungoja, chuo cha uuguzi kinakungoja. Kwa hayo mimi sina la kuongeza. Unanijua: valizi yangu hufungwa na mama yako, na safari moja niliyoifunga mwenyewe nilifika Butembo na viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Naandika kwa sababu ya valizi yako wewe.

Leo mchana nilipita mbele ya chumba chako. Ile valizi uliyoifunga asubuhi kwa kuikalia ilikuwa wazi tena. Nguo zilikuwa zimerudi kitandani, na wewe umekaa katikati yake kama mama wa soko siku isiyo na wateja. Telefone ilikuwa juu ya goti lako, inatetemeka, inanyamaza, inatetemeka.

"Ni namna gani, mama?" nikauliza.

"Innocent anasema nikipanda basi, nisishangae habari yake ikinikuta njiani."

"Habari gani?"

"Papa. Unajua habari gani."

Nikakaa. Ukanitazama kwa macho yale uliyorithi kwa nyanya yako, ukasema jambo ambalo sikulitazamia kabisa. "Wewe na Muzee Sebagenzi mulimalizana siku moja. Mulikunywa, mukacheka, basi. Mimi iko nini ndani yangu yenye inashindwa?"

Ningekuwa baba wa maana, ningekujibu palepale. Badala yake nikasema nimesikia maji yanachemka, nikakimbilia jikoni. Termosi, mwisho wake unaujua.

Nianze na Innocent wako, maana yeye ndiye anayekukaba sasa hivi. Baada ya mazishi yale ya jikoni nilimpigia kaka yake mkubwa, nikamwambia waziwazi alichoandika mdogo wake. Amekwisha kwenda kwake. Atalala naye chumba kimoja leo na kesho na siku zitakazofuata, na mama yao amejulishwa. Maneno ya kujiua hayachezewi, hata yakiwa yamesemwa mara nyingi. Siku yoyote yanaweza kuwa kweli. Lakini wa kukaa naye ni watu wa nyumba yake, na daktari kama itahitajika. Si msichana mwenye tiketi mkononi. Hilo limeshughulikiwa, uliweke chini. Sasa nisikilize, au tuseme nisome, kwa sababu kwa mdomo nilikwisha kushindwa.

Sebagenzi wewe unamjua kama muzee mwenye kofia na sauti kubwa, baba yake Innocent, aliyekuwa anaingia kwetu bila kupiga hodi. Mimi nilimjua angali na kamasi. Tulikaa benchi moja shuleni Kalengera. Baba yake alikuwa na ng'ombe kilimani. Baba yangu alikuwa na maharagwe na kikohozi. Nilipotaka kumwoa mama yako, mali yangu yote ilikuwa suruali moja ya heshima na mdomo mzuri, na wakwe hawali mdomo. Ndipo Sebagenzi akaja na ng'ombe jike mchanga wa rangi ya kahawia, jina lake Bihogo, akamwingiza uani kwetu watu wote wakitazama, akasema, "Rafiki yangu hawezi kuoa kama mutu hana batu."

Wewe umekulia mjini. Kwako ng'ombe ni maziwa, na fromaji, jibini ya Masisi ninayoiuza ili ule. Kwetu, ng'ombe aliyetoka mkononi mwa rafiki si mnyama, ni kamba. Anayempokea husimama akamsifu mtoaji mbele ya watu. Ng'ombe akizaa, ndama jike mmoja hurudi kwa yule aliyetoa. Na tangu siku hiyo, ukishangaa, ukijikwaa, ukiapa, unamtaja yeye: fulani alinipa ng'ombe! Ndivyo nilivyoapa maisha yangu yote ya ndoa. Siku uliyozaliwa, mama yako anapambana ndani, mimi niko nje ya mlango wa maternite, nikasikia sauti yako ya kwanza, nikaruka juu nikapiga kelele: "Sebagenzi!" Muuguzi akatoa kichwa. "Sebagenzi njo baba ya mutoto?" Mama yako hajanisamehe mpaka leo, na sioni kama ana haraka.

Ndama nilimrudisha, kama desturi inavyotaka, tena ndama mzuri kuliko mama yake. Halafu vita mojawapo kati ya hizi zetu ikapita Kalengera, na Bihogo akaliwa na watu wenye bunduki. Tulikimbilia Goma na godoro, sufuria, na wewe mgongoni mwa mama yako. Kwa hiyo hesabu ilikuwa imekwisha: ndama alirudi, ng'ombe hayupo, zizi limekuwa majivu. Kamba ndiyo ilibaki. Nikawa mtu aliyefungwa kwa ng'ombe asiyekuwepo, na kila asubuhi nikawa naivuta mwenyewe nione kama bado inakaza.

Sebagenzi alizoea kunipigia simu alfajiri.

"Uko wapi?"

"Niko kitandani, rafiki yangu."

"Unalala? Mimi sijalala ata kidogo, na wewe unalala?"

Nikaomba msamaha. Divine, niliomba msamaha kwa sababu ya kulala usingizi. Halafu nikakaa ukingoni mwa kitanda nikimsikiliza mpaka jua likapanda, anaeleza jirani yake alivyomtazama vibaya kanisani. Na huyo jirani ilinibidi nimchukie. Nimewachukia watu wengi wa Kalengera ambao hawajanikosea hata kwa punje ya haragwe. Nikiwa na furaha nilimweleza kwa sauti ndogo, maana furaha yangu ilimuumiza. Nikiwa na shida, yake ilikuwa kubwa zaidi: mimi mgongo ukiniuma, yeye huumwa na mgongo na miguu yote miwili. Mbele za watu alipenda kunishika bega. "Huyu, bila mimi, angekuwa anachunga mbuzi ya batu!" Watu wanacheka. Mimi nacheka kuwapita wote, ili wasinione.

Nyanya yako alipofariki, wewe ulikuwa mwanafunzi wa lisee, labda unakumbuka kelele. Sebagenzi alishuka kwenye pikipiki, akajitupa chini mlangoni. "Mama! Umeniacha na nani!" Wamama wakamnyanyua, wakampa kiti, wakampepea kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, machozi yamefika kwenye kope, yanangoja zamu yao. Mama mmoja nisiyemjua akanisogelea, akanitia kikombe mkononi. "Papa, wewe naona uko na nguvu. Mupelekee mwenye kilio maji." Nikapeleka. Mama yangu nilimzika nikiwa mhudumu. Machozi yenyewe yalikuja baadaye sana, kwenye depo, nyuma ya fromaji, na mteja aliyenikuta akauliza kama zimeoza.

Unacheka? Cheka. Nimeyaandika ili ucheke kwanza. Lakini kuna sehemu ambayo sijamwambia mtu, na ndiyo hiyo ngumu. Nilipenda. Mtu mwenye ng'ombe wengi vile, mwenye sauti ile, asingeweza kumaliza siku bila mimi, muuza fromaji wa Birere! Nilijiona nguzo. Nikitoka kwake nimechoka hadi mifupa, nilitembea kifua mbele. Mama yako aliona. Siku moja nilikuwa navaa viatu mbio kwa sababu Sebagenzi ameita, akanitazama, akasema, "Papa Divine, neno apana likikutana na wewe barabarani litavuka upande ingine, juu ya kukuonea huruma." Nikacheka. Nikatoka na viatu vyangu.

Ulipoanza kutembea na Innocent hapa Goma, sisi wazee wawili tulifurahi kama vile tumependwa sisi. Sebagenzi alisema damu sasa itamaliza kazi ambayo ng'ombe aliianza. Nikampigia makofi. Sikukutazama wewe hata kidogo. Baadaye macho yalifunguka polepole. Uliacha kwaya, kwa sababu Innocent hapendi namna mwalimu wa kwaya anavyokuangalia, muzee wa watu asiyeweza kumwona hata aliyesimama mstari wa mbele. Wiki ya mtihani wa Serikali Innocent akaugua. Ukawa unambebea uji, vitabu viko chini ya kitanda. Mtihani ulipokwisha akapona. Ulianza kushika telefone kabla haijalia. Halafu asubuhi moja nikapita nje ya mlango wako, nikakusikia ukisema, "Nisamehe, nilikuwa nimelala."

Sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu.

Ulikuja depo, nami nilikuwa nafungia mteja fromaji.

"Papa, nimechoka."

"Na nini?"

"Na Innocent. Kila siku niko namubeba. Nikimutua kidogo, anasema nimemuua."

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Vumilia, mama. Ni mutoto wa Sebagenzi."

Ukageukia mlango. "Na mimi niko mutoto wa nani?" Ukaondoka. Mteja akaninong'oneza, kwa adabu kabisa, kwamba fromaji yake nimeifunga mara mbili.

Sijui kama unakumbuka ulivyosema. Mimi nimetembea na swali lile muda mrefu, mrefu kuliko inavyompasa baba. Mara kadhaa nilivaa niende nikamwambie Sebagenzi kwamba umechoka, nikafika kituo cha basi, nikanunua ndizi, nikarudi na ndizi. Mama yako akawa anasema, "Leo tena tumepata ndizi." Ndipo Sebagenzi mwenyewe akapiga: nije Kalengera, tupange siku ya familia yake kuja kujitambulisha kwetu. Nikaenda.

Unachojua wewe ni hiki: nilifika, nikamweleza kwa upole, akaelewa, tukanywa, tukacheka, tukaagana kama watu wazima. Ni hadithi nzuri. Nasikia imefika hata kwa wanakwaya. Na kwa sababu ya hadithi hiyo leo umekaa katikati ya nguo zako ukijiona una kasoro. Basi chukua ile ya kweli, haina urembo.

Katika basi nilijizoeza maneno. "Divine hataki." Mawili tu, hata kasuku angeyaweza. Tulipofika Kibumba, mama aliyepanda na gunia la kabichi akanitazama midomo. "Papa, uko unasali ama uko unagombana na mutu?"

"Yote mbili, mama."

"Basi Mungu atajua kuchagua," akasema.

Kwa Sebagenzi nilikuta mabenchi yamepangwa uani. Alikuwa ameita wazee wa pale, watu niliocheza nao utoto. Pombe ya ndizi ilikuwa tayari. Akanikumbatia, akaanza kulia hata sijakaa: Innocent hali, Innocent amekonda, Innocent suruali zinamwanguka. Wote wakanigeukia mimi. Halafu akapangusa macho, akawaambia kwa fahari, "Rafiki yangu huyu hajakuwa kuniambia apana ata siku moja." Akaniwekea glasi mkononi. "Tupange mwezi wa nane, ama wa tisa?"

Nami nikasema, "Wa nane."

Rudia kusoma kama huamini. Nilisema wa nane. Wakapiga makofi. Nikanywa, na pombe ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho, kwamba ilikuwa tamu.

Nikaaga, nikatoka barabarani. Basi likaja, konvoyeri ananing'inia mlangoni, "Goma, Goma, Goma!" Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Wa pili ukabaki chini. Nisikudanganye kwamba Mungu aliongea, au kwamba nilipata ushujaa. Nilikuona tu ukiwa umekaa mezani jioni ile, unaniuliza amesema nini, na mimi nakujibu "mwezi wa nane." Nilijaribu kulisema kimoyomoyo nikiwa nakutazama usoni. Halikutoka.

"Papa," konvoyeri akasema, "unapanda ama unapima ngazi?"

Nikashusha mguu. Basi likaondoka.

Niliporudi, walikuwa bado wamekaa, na glasi yangu ilikuwa bado pale. Nikasimama katikati yao. "Mwezi wa nane nimeurudisha," nikasema. Sebagenzi akacheka, akadhani ni mzaha wangu wa kawaida. "Kaa chini, wewe!" Na unajua nilifanya nini? Nikakaa. Miaka yote ile ilikuwa imeingia mpaka magotini: akisema kaa, nakaa. Nilikaa pale nikaona aibu namna ambayo sijapata kuiona, kisha nikasimama tena, safari hii nimeshika ukingo wa benchi.

"Divine hataki," nikasema. "Na mimi sitamulazimisha."

Kuku walikuwa wanakwaruza chini ya benchi. Sebagenzi hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, nilikuwa nimezoea. Alisema kwa upole kabisa, "Nilikupa ng'ombe."

"Ulinipa. Sijakana, na sitakana mbele ya mutu yeyote. Ndama yake nilikurudishia. Divine si ndama."

Akachukua glasi yangu, akaimwaga chini, akaifunika kifudifudi juu ya benchi. "Jina yangu usilitaje tena." Mmoja wa wazee akageuza uso, akatema mate pembeni. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema: kuhusu alfajiri zile, kuhusu kilio cha mama yangu, kuhusu mbuzi za watu ambazo sikuwahi kuzichunga. Unajua nilisema nini? "Aksanti kwa pombe." Ndilo neno langu la mwisho kwa rafiki wa maisha yangu yote. Aksanti kwa pombe.

Wiki zilizofuata nilingoja habari mbaya. Nguzo imeondoka, nyumba lazima ianguke. Hilo nilikuwa na hakika nalo. Nililala na telefone chini ya mto. Mama yako akafikiri nina mwanamke, halafu akanitazama vizuri, akaacha kufikiri hivyo. Telefone haikulia. Mwishowe nikamuuliza dereva mmoja wa Kalengera aliyekuja depo, nikijifanya nauliza juujuu. "Muzee Sebagenzi?" akasema. "Huyo amenenepa! Juzi amemupa kijana moja ng'ombe, tulikunywa mpaka asubui."

Ungedhani nilifurahi. Iliniuma kuliko glasi ile iliyomwagwa. Hakuanguka, Divine. Nilidhani mimi ndiye niliyemshikilia, kumbe nilikuwa nimemwegemea. Nilikaa nyuma ya fromaji zangu nikijiuliza mimi ni nani kama hakuna anayenihitaji alfajiri, na sikupata jibu siku ile. Nimekuwa nikilipata vipande vipande. Nimegundua kwa mfano kwamba napenda kuamka mapema, hata bila kuitwa, na kukaa peke yangu kwenye mawe ya uani wakati volkano bado ina wingu kichwani. Sikujua. Mtu wa umri wangu!

Na nakiri kwamba ninamkosa. Alikuwa mnyonyaji na alikuwa rafiki, na alinipa Bihogo siku ambayo hakuna mwingine aliyenitazama. Mtu akisukuma mlango bila kupiga hodi, moyo wangu bado unaruka kwa furaha kabla haujakumbuka. Kwa hiyo Kampala, jioni utakayomkosa Innocent mpaka tumbo likuume, usidhani ndiyo dalili kwamba ulipaswa kubaki. Utamkosa, na utakuwa umefanya vema. Vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja, vinagombana, vinazoeana.

Siwezi kukuahidi kwamba Innocent hatalia. Atalia, na pengine kwa ukweli. Siwezi kukuahidi pia kwamba wewe hutakuta mwingine wa kumbeba; sisi wenye migongo mipana tunanukia kutoka mbali. Utanijulisha. Lakini usinipe mimi nafasi yake. Ukisahau kunipigia Jumapili nitalalamika, unanijua, nitasema nakufa kwa upweke na kwamba mama yako ananinyima chumvi. Niache nilalamike. Endelea na masomo yako. Na basi lako likipita Kalengera, usiiname kitini. Hukumwibia mtu kitu pale.

Sasa nimalizie siku ile, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza.

Nilipofika nyumbani mlikuwa mezani, mnakula sombe. Ukainua uso. "Papa, Muzee amesema nini?" Uliuliza kwa sauti ya mtu anayengoja hukumu, kijiko kimesimama hewani. Nikaogopa kwamba nikifungua mdomo utauliza zaidi, na nikieleza zaidi utajua kwamba kabla ya kukukomboa nilikutoa kwanza, mchana kweupe, nikiwa na glasi mkononi. Nikanawa mikono polepole. Nikakaa. Nikasema, "Tulicheka."

Hatukucheka, mwanangu. Nililia toka Kalengera mpaka Rumangabo, mtu mzima na mvi zangu, abiria wakiangalia nje kwa heshima. Kijana wa jeshi katika kizuizi aliniuliza nani amekufa, nikamjibu hakuna. Na toka Rumangabo mpaka hapa Goma nililala mdomo wazi juu ya bega la mtu nisiyemjua, naye hakuniamsha, mpaka taa za mji.

Baba yako